Safari Ishirini za Bwana Urio kwenda Leipzig

Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025, Bwana Zefania Urio atastaafu baada ya kuitumikia Kampuni ya Safari ya Njia Panda kwa miaka ishirini na saba na miezi miwili. Katika muda huo wote aliomba ruhusa ya ugonjwa mara mbili tu. Mara ya kwanza aliugua kweli. Mara ya pili Taifa Stars walikuwa wanacheza.

Bwana Urio alizaliwa Machame, mkoani Kilimanjaro, mwaka 1959. Alifundisha jiografia katika shule ya sekondari kwa miaka kumi na miwili kabla ya kuhamia Maryland pamoja na mkewe, Bi. Jacqueline, aliyekuwa amepata nafasi ya masomo huku. Aliajiriwa tarehe 1 Septemba 1998. Katika usaili, mwanzilishi wa kampuni, Bwana Christopher Lema, alimwuliza swali moja tu: mji wa Ouagadougou uko wapi? Bwana Urio aliomba karatasi, akachora ramani ya Afrika Magharibi, akaonyesha mji, mipaka ya nchi na mito ya Volta, kisha akaomba radhi kwa kuwa hakuja na penseli za rangi. Alianza kazi siku ile ile.

Alianzia kaunta ya tiketi, katika ofisi yetu ya Langley Park, wakati ambapo tiketi zilikuwa bado za karatasi na mteja aliyeipoteza yake alilia mbele ya watu. Wafanyakazi wa siku hizo wanakumbuka jinsi alivyowasikiliza wateja kabla ya kugusa kompyuta. Alikuja kijana mmoja, amegombana na kaka yake, akataka tiketi ya kurudi Arusha siku hiyo hiyo, ya kwenda tu, bila ya kurudi. Bwana Urio alimwambia kwamba mashine imeharibika, arudi kesho. Mashine ilikuwa nzima. Kesho yake kijana alirudi pamoja na huyo kaka, wakakata tiketi ya mtu mwingine kabisa: mama yao, aje awatembelee.

Hata hivyo, kazi iliyompa jina ni misafara ya Leipzig, nchini Ujerumani. Ilianza mwaka 2004. Washarika wa Kilutheri kutoka Tanzania waishio Maryland na Virginia walitaka kuuona mji walikotoka wamisionari waliofika Machame mwaka 1893. Bwana Urio alichaguliwa kuongoza kwa sababu ni mtu wa Machame, kwa sababu alikuwa mwalimu wa jiografia, na kwa sababu alijua Kijerumani kiasi. Kijerumani hicho alijifunza kwa kusikiliza kanda ndani ya gari lake, katika foleni ya barabara ya I-270, akitoka nyumbani Gaithersburg. Foleni hiyo haijapata kumfaa mtu mwingine yeyote. Tangu hapo ameongoza misafara ishirini, kila mwaka mwezi wa Juni, isipokuwa miaka miwili ya Uviko. Msafara ulioanza na Watanzania wa kanisa moja siku hizi huwabeba pia Wakenya, Wakongo, Waislamu na watu wasiosali popote, na wote hupewa kijitabu chake cha kurasa kumi na sita.

Kijitabu hicho kimepita katika mikono ya wasahihishaji wa jarida hili mara tano. Pale alipoandika "Mnara wa Vita ya Mataifa" paliandikwa "Mnara wa Vita vya Mataifa", kama inavyopasa, naye alikubali mara moja. Neno moja tu alikataa liguswe. Katika ukurasa wa kwanza ameandika "Laipsigi" badala ya "Leipzig", kwa sababu hivyo ndivyo mama yake anavyotamka. Aliambiwa kwamba ni kosa. Alijibu kwamba anajua. Ukurasa wa kwanza umechapishwa hivyo kwa matoleo yote matano.

Wanaotaka kujua namna Bwana Urio alivyouonyesha mji huo wawaulize waliotembea naye. Aliwaanzishia kwenye kituo kikuu cha treni, ambacho ni miongoni mwa vituo vikubwa kabisa barani Ulaya, chenye kumbi mbili za kuingilia zinazofanana kama pacha, na maduka ya ghorofa tatu chini ya paa moja. Kumbi hizo mbili zimempotezea watu wengi. Maduka yamempotezea zaidi. Kutoka hapo aliwapeleka katika Kanisa la Mtakatifu Nikolai, ambamo nguzo nyeupe huishia juu kwa makuti ya kijani, kama mitende iliyopandwa katika mistari. Mama mmoja wa Tanga alizitazama kutoka chini hadi juu akasema, "Hizi si nguzo, hizi zinataka mkwezi." Watu wakacheka, Bwana Urio akawaacha wacheke. Walipotulia alisimulia habari ya tarehe 9 Oktoba 1989, siku ya maandamano makubwa dhidi ya serikali ya Ujerumani Mashariki, kwa sentensi tatu, bila kuongeza ya nne. Watu walitoka katika ibada wakaingia barabarani. Mikononi walikuwa na mishumaa. Hakuna risasi iliyopigwa. Kisha aliwaambia kwamba mpaka leo, kila inapofika tarehe hiyo, wenyeji huwasha mishumaa uwanjani, naye akatoka nje ili kila mtu abaki na fikira zake.

Mnara wa Vita vya Mataifa una urefu wa mita tisini na moja, na ngazi zake hukaribia mia tano. Huko ndiko alikojulikana Bi. Wamaitha Mugo, muuguzi wa Gaithersburg, mzaliwa wa Nyeri, ambaye amesafiri na Bwana Urio mara kumi na tano. Katika safari yake ya kwanza, mwaka 2009, aliketi kwenye ngazi ya mia mbili hivi, akavua viatu, akauliza kwa sauti iliyosikika mpaka kileleni, "Aki Mzee Zefania, hii ni makumbusho ama ni adhabu?" Bwana Urio aliketi kando yake, akamweleza vita vya mwaka 1813 mpaka pumzi zilipomrudia. Siku iliyofuata walisimama mbele ya sanamu ya Bach, nje ya Kanisa la Mtakatifu Thomas, ambako mwanamuziki huyo alifanya kazi na ambamo amezikwa. Mfuko mmoja wa koti la sanamu hiyo umepinduliwa nje. "Woi," akasema Bi. Wamaitha, "hata huyu wamemsachi!"

Habari ya mwaka 2014 inajulikana kwa wengi, lakini haiwezi kuachwa. Msafara uliwasili Jumamosi, mkesha wa Pentekoste. Bwana Urio hakuwa na habari kwamba wakati wa Pentekoste mji wa Leipzig hupokea maelfu ya watu wanaokuja kwa tamasha la muziki wao, nao huvaa nguo nyeusi tupu: magauni yanayoburuzika chini, makoti marefu, kofia ndefu, nyuso zilizopakwa poda. Wasafiri walitoka kituoni wakawaona wamejaa barabara nzima. Akina mama wakajifunga kanga, wanaume wakavua kofia. Mzee Kalisti, karani mstaafu wa ubalozi, alisema kwamba si adabu kupita katika msiba mkubwa namna hiyo bila kutoa pole, akamtaka Bwana Urio awafundishe maneno ya rambirambi kwa Kijerumani. Akawafundisha. Wakapanga mstari kwenye kituo cha tramu, wakawapa mkono watu wapatao arobaini, mmoja baada ya mwingine, kwa huzuni ya kweli. Hatimaye dada mmoja mwenye mwavuli mweusi wa lesi aliuliza nani amekufa. Bwana Urio akatafsiri. Mzee Kalisti akashika kichwa: "Jamani, hata wafiwa hawajaambiwa!" Picha iliyopigwa dakika chache baadaye, wazee wa kanisa wenye vitenge katikati ya makoti meusi, wote vinywa wazi kwa kicheko, ndiyo inayoning'inia nyuma ya kaunta yetu.

Sasa lije jambo la saa, kwa kuwa ndilo lililomnyima Bwana Urio kitu alichokitaka kuliko vyote.

Katika Kanisa la Mtakatifu Thomas kuna kwaya ya wavulana yenye umri wa zaidi ya miaka mia nane. Wakati wa mihula ya shule, kwaya hiyo huimba Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Mama yake Bwana Urio, Bibi Anna, mwenye umri wa miaka tisini na mmoja, aliimba sauti ya pili katika kwaya ya usharika wake Machame kwa miaka arobaini, na nyimbo nyingi alizoimba zilitoka Leipzig. Tangu safari ya kwanza alimwagiza mwanawe jambo moja: asikilize namna wanavyoanza, amwambie. Alisema kwamba kwaya yoyote inaweza kumaliza vizuri. Kwaya hupimwa inapoanza.

Mwaka 2004 abiria mmoja aliteguka mguu, wakaenda hospitali. Mwaka 2005 mwingine alipotea kati ya zile kumbi mbili za kituo. Mwaka 2006 kosa lilikuwa la Bwana Urio mwenyewe, naye hajapata kulikana. Kwa mazoea ya Kimarekani aliandika kwenye tangazo: "Tukutane kanisani saa 6." Wengi walielewa. Mzee Kalisti, anayesoma Kiswahili kama kilivyoandikwa, alifika saa sita mchana pamoja na mkewe. Walingoja juani mpaka saa tisa, wakarudi hotelini wamekasirika, wakalala. Jioni Bwana Urio alisimama mlangoni akiwangoja hadi watu walipoanza kutoka. Mwaka uliofuata aliamua kufuata Kijerumani. Mhudumu wa hoteli alimwambia wakutane "nusu sita", naye akaitangaza hivyo hivyo. Kwa Mjerumani hiyo ni nusu saa kabla ya sita yao, yaani saa kumi na moja na nusu jioni. Nusu ya msafara walifika nusu saa baada ya sita hiyo, yaani saa nzima baadaye, wakiwa wametulia kabisa. Bwana Urio alikuwa mlangoni.

Ndipo alipobuni kadi zake: picha ya saa yenye mishale, bila neno lolote. Watu wa Mombasa, Bukavu na Springfield walizielewa sawasawa, na ofisi yetu inazitumia mpaka leo kwa safari zote. Hata mwaliko wa hafla ya kumuaga una picha ya saa. Kadi za kwanza hazikuwa na namba, na bwana mmoja aliishika yake juu chini, lakini kasoro hiyo ilirekebishwa. Waliobaki kuchelewa walikuwa wachache. Kwa jumla alikuwa mmoja, jina lake Wamaitha, na alikuwa katika maduka ya kituo. Lakini kiongozi hawezi kuingia ndani na mtu wake yuko nje katika mji wa ugeni. Hivyo ndivyo Bwana Urio alivyosema kila mwaka, akabaki kando ya sanamu. Mara nyingine aliingia katikati. Mara nyingine aliingia wakati wa sala ya mwisho.

Mwaka 2024, katika basi la kurudi hotelini, Bibi Anna alipiga simu kama kawaida, na simu ilikuwa kwenye spika. "Walianzaje?" akauliza.

"Nilikuwa mlangoni, mama."

"Mara ya kumi na tisa mlangoni! Mwanangu, si ungewaomba tu kazi ya ubawabu, wakupe na nyumba?"

Basi zima lilicheka, na Bwana Urio akacheka pia. Bi. Wamaitha, aliyeketi nyuma yake, hakucheka. Hakuna aliyetilia maanani wakati huo.

Msafara wa ishirini uliondoka uwanja wa ndege wa Dulles mwezi Juni mwaka huu ukiwa na abiria ishirini na wanne. Wote walijua kwamba ni wa mwisho kwa Bwana Urio, na kwamba Ijumaa ile ndiyo nafasi pekee iliyobaki. Bi. Ghati Marwa, atakayerithi kazi hiyo, alimwomba amwachie mlango. Bwana Urio alikataa. "Wewe utasimama hapa miaka yako," alimwambia. "Huu bado ni wangu."

Ijumaa ilipofika, abiria walianza kuwasili mapema kuliko miaka yote. Aliwahesabu wakiingia, akiweka alama kwenye orodha. Zikiwa zimebaki dakika kumi, walikuwa ishirini na watatu. Aliyekosekana alikuwa Bi. Wamaitha. Simu yake ilikuwa imezimwa. Bi. Ghati alimwambia kwamba mtu mzima, muuguzi, aliyekuja mji huo mara kumi na tano, hawezi kupotea. Bwana Urio alijibu kwamba anajua, akabaki. Kengele zikaanza kulia. Bi. Ghati akaingia ndani kuwatafutia wawili hao wa mwisho viti, macho yamemlowa.

Ndani, kwenye benchi la nne, aliona kilemba cha kitenge cha njano anachokifahamu. Kando ya kilemba kulikuwa na nafasi moja, na juu yake mkoba, mwavuli, sweta na kile kijitabu cha kurasa kumi na sita.

"Mama Wamaitha! Mzee anakungoja nje!"

"Ananingojea nje nini," akafoka Bi. Wamaitha, bila kujali kwamba ni kanisani, "na mimi nimemwekea kiti tangu walipofungua mlango? Ati nimezima simu kwa sababu wameandika tuzime! Mwambie aingie!"

Bi. Ghati alitoka mbio. Alimkuta Bwana Urio akiangalia upande wa kituo, mkono juu ya macho.

"Mzee, ingia! Yuko ndani!"

"Umemwona kwa macho yako?"

"Nimeongea naye. Amenifokea!"

"Basi ni yeye," akasema Bwana Urio. Akaweka alama ya ishirini na nne kwenye orodha, akaikunja, akaitia mfukoni, akaingia. Walioshuhudia wanasema hakukimbia. Alitembea kama mwalimu aliyesikia kengele ya kipindi. Bi. Wamaitha aliondoa mkoba, mwavuli na sweta, akamwachia kijitabu. Kengele za nje zikakoma.

Ibada ilipokwisha alimpigia mama yake kabla hajapigiwa. Machame ilikuwa saa mbili na nusu usiku, na Bibi Anna alikuwa ameketi karibu na simu.

"Walianzaje?"

"Walianza kwa kunyamaza, mama," akasema Bwana Urio. "Kengele ilikoma, kanisa zima likanyamaza, na hakuna aliyekohoa. Nikadhani wamesahau. Ndipo wakaimba."

Bibi Anna akasema, "Kweli ulikuwa ndani. Mlangoni jambo hilo halisikiki." Baada ya hapo alitaka aelezwe sauti ya pili ilivyokuwa, na maelezo hayakumridhisha, ikabidi mwanawe amwimbie, barabarani, mvua ikianza kunyesha, Bi. Wamaitha akimshikia mwavuli na kumsahihisha. Mazungumzo yalichukua dakika arobaini. Msafara wote ulichelewa chakula cha jioni, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na moja aliyechelewesha watu alikuwa kiongozi.

Mwezi Desemba, Bwana Urio na Bi. Jacqueline watakwenda Machame kwa miezi mitatu. Bi. Ghati atauongoza msafara wa Juni ijayo. Kijitabu kitachapishwa kwa mara ya sita, na baada ya majadiliano marefu wasahihishaji wameamua kwamba ukurasa wa kwanza usiguswe.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Njia Panda, wateja wetu, na abiria zaidi ya mia nne waliorudi nyumbani salama bila hata mmoja kuachwa, tunamshukuru Bwana Zefania Urio kwa kazi iliyofanywa kwa uaminifu, kwa subira na kwa usahihi. Bwana Urio, maisha yako mapya yawe mema, yenye afya, jamaa na nyimbo. Ondoka kwa amani. Kuanzia tarehe 1 Novemba, humngoji mtu.